Uzio wa kamba ya umeme kwa farasi: pesa iende kwenye ethi kabla ya kwenda kwenye boksi



Miezi ya karibuni swali limekuwa moja, linakuja kwa simu, linakuja ana kwa ana, hata juzi kwenye foleni ya mbolea nimeulizwa: "Bwana shamba, ninunue mashine gani ya uzio wa farasi?" Wanaouliza ni vijana wenye eka mbili, tatu, wengine tano, upande wa Usa River na kule tambarare za Siha. Wana nyasi nzuri. Kuna watu binafsi na wapandisha watalii wenye farasi wanaotafuta mahali pa kulishia, na wako tayari kulipa kwa mwezi kwa kila kichwa. Kijana anapiga hesabu anaona farasi wanne tu wanamlipa kuliko mahindi ya msimu mzima, na hana haja ya kununua farasi hata mmoja. Hesabu hiyo siipingi. Ninachopinga ni kuanza na mashine.

Msimamo wangu nauweka wazi kabisa: kama bajeti yako inatosha mashine nzuri lakini haitoshi kamba ya maana, nguzo imara na ethi iliyopimwa, usipokee farasi wa mtu. Endelea kumuuzia mwenye farasi majani makavu, nayo ni biashara. Farasi wa watu akikatika mshipa wa mguu ndani ya shamba lako, hakuna fidia ya kirafiki hapo. Mguu wa farasi ukiharibika mara nyingi ndio mwisho wake, na wewe unabaki na deni ambalo eka zako mbili hazilipi.

Najua wapo wenzetu watakaosema farasi ni mambo ya wazungu na matajiri, bwana shamba aongelee mahindi na ng'ombe. Mimi naona kijana anayelipwa kwa nyasi zake ni mfugaji kama mfugaji mwingine. Jirani zetu Kenya wana farasi wa mbio Ngong, wa polo Gilgil, wa utalii Laikipia na Nanyuki, na kila farasi hao anakula nyasi iliyooteshwa na mtu. Chuoni uzio tuliofundishwa ulikuwa wa ng'ombe na mbuzi. Ndiyo maana inabidi tuuongelee huu wa farasi taratibu, maana ukichukua mazoea ya ng'ombe ukayapeleka kwa farasi unaumiza mnyama.

Farasi silaha yake ni mbio. Ng'ombe akishtuka hugeuka kuangalia ni nini. Farasi anakimbia kwanza, kuangalia baadaye. Akiwa kwenye mbio za woga, mbwa amembwekea au bati limepeperuka, hasimami kusoma uzio uko wapi. Sasa mpe seng'enge mbele yake. Seng'enge humchana kifua na miguu, na kadiri anavyojitoa ndivyo inavyozidi kumsokota. Waya mwembamba wa chuma unaovutwa kwa nguvu, ule unaofungia mashamba makubwa ya ng'ombe, nao ni mbaya kwa namna yake: haonekani kirahisi, haukatiki, unaingia kwenye nyama kama uzi kwenye mkate wa sabuni. Na kuna wanaotaka kufanya yote mawili, kupitisha umeme kwenye seng'enge iliyopo ili kuokoa gharama. Hilo hapana, kwa mnyama yeyote. Kiumbe akinasa kwenye miiba huku anapigwa kila sekunde, mtu au mnyama, hawezi kujinasua.

Kamba ndiyo jibu. Ni kamba ya nyuzi za plastiki, unene wa milimita 6 hadi 8, iliyosukwa pamoja na nyuzi nyembamba za chuma kisichoshika kutu, na zile bora zina nyuzi za shaba pia. Inaonekana kwa mbali, haikati ngozi kirahisi, na upepo haupati pa kuishika sana kama unavyoshika ule utepe mpana. Wapo wanaoupenda utepe kwa sababu unaonekana zaidi. Sawa, lakini kwenye upepo wa uwanda wa Siha utepe unapiga makofi usiku kucha mpaka unajikata kwenye vishikio. Kwa sehemu ndogo iliyokingwa na miti tumia utepe ukipenda. Uwandani weka kamba.

Kuhusu rangi, farasi haoni rangi kama sisi. Bluu na njano anazitofautisha, lakini nyekundu, chungwa na kijani kwake zinachanganyikana. Kwa hiyo kamba ya rangi ya chungwa inayokupendeza wewe dukani, mbele ya majani mabichi kwake haitokezi. Nyeupe hutokeza vizuri kwenye kijani. Mwezi wa tisa majani yakishakuwa rangi ya makuti, nyeupe tupu inapoteza nguvu kidogo, ndiyo maana zile zenye uzi mweusi au wa bluu uliopita ndani yake napenda zaidi.

Sasa tuje kwenye boksi la mashine, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Mashine ya uzio, wenyewe wanaiita enajaiza, inachukua umeme wa betri au wa ukutani na kuutoa kwa mapigo. Pigo moja, kisha kimya kwa sekunde moja hivi, kisha pigo jingine. Pigo lina volti elfu kadhaa lakini linadumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pigo hilo linatembea kwenye kamba. Farasi akigusa, linapita mwilini mwake, linashuka kwenye kwato, linaingia ardhini, na kupitia ardhini linarudi kwenye zile nondo za ethi ulizopigilia karibu na mashine. Mzunguko ukikamilika ndipo anapopigwa. Usipokamilika hapigwi, hata mashine iwe ya bei gani.

Kwenye boksi imeandikwa "kilomita 20" au "kilomita 50". Kijana ana uzio wa mita mia nne, anaona kilomita 20 ni zaidi ya kutosha, analipa. Hizo kilomita zimehesabiwa kwa waya mmoja mzuri, hakuna hata jani moja linalogusa, ardhi ina unyevu na ethi imekamilika. Shamba la namna hiyo silijui. Kitu cha kusoma kwenye boksi ni juli, yaani nguvu ya kila pigo, na usome ile inayotoka kwenye uzio na siyo ile iliyohifadhiwa ndani ya mashine, maana wauzaji hupenda kuonyesha kubwa. Kwa eka mbili tatu za kamba iliyosafishwa chini yake, mashine ya juli moja inatosha kabisa. Ukiona muuzaji anakupandisha juli nne tano kwa eka mbili, muulize ethi yako itakuwa na nondo ngapi. Akianza kubabaika umeshapata jibu lako.

Ethi ndiyo nusu ya uzio, na iko ardhini haionekani, kwa hiyo hakuna anayeipigia picha. Nimeshatembelea mashamba yenye mashine ya gharama, sola juu ya nguzo, kamba nyeupe inang'aa, na ethi ni kipande cha nondo cha futi mbili kimechomekwa kwenye vumbi. Farasi ameegemea kamba anajikuna. Mwenye shamba anasema mashine mbovu. Mashine nzima kabisa.

Udongo wetu huku ni wa majivu ya volkano. Wakati wa mvua ni raha tupu, wakati wa kiangazi unakuwa unga. Unga mkavu haupitishi umeme. Kwa hiyo ethi ya kwetu inatakiwa iwe nzuri kuliko ya mtu wa nchi zenye mvua ya kila wiki ambaye ndiye aliyeandikiwa kile kitabu cha maelekezo. Anza na nondo tatu zilizopakwa zinki au mabomba ya maji ya chuma ya aina hiyo hiyo, kila moja ishuke angalau mita moja na nusu, ikifika mbili vizuri zaidi, ziachane mita tatu, ziunganishwe kwa waya mmoja na vibano vya kukazwa kwa nati. Kuzungushia waya kwa mkono si kuunganisha. Usichanganye metali: nondo za shaba za mafundi wa nyumba ukizifunga kwa waya wa zinki, zinakulana pale zinapogusana, na baada ya mvua mbili tatu muunganisho umekufa kimyakimya. Kaa mbali na ethi ya nyumba na mabomba ya maji, mita 10 na kuendelea.

Zipigilie mahali penye unyevu mwaka mzima. Nyuma ya birika la maji linapomwagikia, chini ya mgomba, pembeni ya mfereji. Hapa kuna kajambo: ethi inapenda matope, farasi hapaswi kulala karibu na matope, kwa sababu vile vidudu vidogo vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika vinazaliana kwenye udongo mbichi na vinauma zaidi jioni na usiku. Ethi ipeleke kwenye maji, mashine iwe karibu na ethi, farasi wabaki juu pakavu. Kamba ndiyo itakayotembea umbali huo, na waya wa kutoka mashine hadi kwenye kamba uwe ule wenye ganda nene wa kazi hiyo. Waya wa wayaringi ya nyumba ganda lake limetengenezwa kwa volti mia chache. Ukiufukia ardhini na volti 7,000 ndani yake, umeme unatokea katikati ya njia, hufiki nao kwenye kamba.

Ukimaliza, pima. Kupima ni hivi. Zima mashine. Nenda umbali wa mita mia moja au zaidi, egemeza vipande vitatu vinne vya nondo kwenye kamba yenye umeme viguse ardhi, yaani unapiga shoti kwa makusudi. Washa. Volti za uzio zishuke chini ya 2,000. Hazijashuka, ongeza vipande. Sasa rudi kwenye nondo ya mwisho ya ethi, gusisha kipimo kwenye nondo hiyo, na ule mguu mwingine wa kipimo uuchomeke ardhini kama mita moja pembeni. Ukisoma volti 200 au 300, ethi yako imefaulu. Zaidi ya hapo, ongeza nondo nyingine, upime tena. Kuna mashamba yanafaulu kwa nondo tatu, kuna mengine yanataka sita. Fanya kipimo hicho kiangazi, siyo masika, maana masika kila ethi ni nzuri.

Na kipimo kiwe kile cha uzio. Mita ya kawaida ya fundi redio haijatengenezwa kwa volti 5,000, utaiunguza siku ya kwanza.

Kwa kiangazi chetu kuna njia nyingine ya kujikinga, nayo ni kuufanya mstari mmoja wa kamba uwe ethi. Una mistari mitatu: wa juu una umeme, wa kati umeunganishwa na nondo za ethi, wa chini una umeme. Farasi akiingiza kichwa kati ya mistari anagusa wa umeme na wa ethi kwa pamoja, anapigwa bila kutegemea udongo uliokauka. Mstari huo wa kati nao uutenge na nguzo kwa vishikio vya plastiki kama mingine, ili masika ukitaka uurudishe kwenye umeme. Kwa mtu wa Siha mimi nasema anza hivyo tangu siku ya kwanza.

Tupige hesabu ya shamba la mita 100 kwa 80, hiyo ni kama eka mbili. Mzunguko ni mita 360. Mistari mitatu ni mita 1,080. Kamba nyingi huuzwa roli ya mita 200, kwa hiyo roli sita, na kinachobaki kama mita 120 ni cha geti na matengenezo. Nguzo kila mita tano ni 72, na katika hizo zile nne za kona na mbili za geti ziwe nene, zizame vizuri na ziwe na mhimili, kwa sababu ndizo zinazobeba mvuto wote. Vishikio ni 216 kwa uchache. Ukiziweka hizi kwenye karatasi utaona mashine ni sehemu ndogo ya gharama, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ukienda kununua kamba usiulize bei ya roli tu. Uliza ukinzani kwa mita, yaani omu ngapi. Kamba nzuri yenye shaba ina sehemu ndogo tu ya omu moja kwa mita. Ya rahisi yenye nyuzi chache za chuma inaweza kufika omu tano kwa mita na zaidi. Chukua mita 300: kamba ya omu 0.1 inakupa omu 30, ya omu tano inakupa 1,500. Ile ya pili ni sawa na kujaza maji tangi kwa mrija wa soda. Mwanzo wa uzio kipimo kinasoma volti 7,000 unafurahi, na majani yakianza kugusa kidogo tu, kona ya mwisho inasoma 1,500 na farasi ameshagundua. Wanagundua, amini. Farasi mmoja akijua kona fulani haiumi, wote watatokea hapo. Kama haijaandikwa ukinzani wala aina ya nyuzi kwenye pakiti, iache dukani. Na uliza kama imewekewa kinga ya jua, kwa sababu jua letu linakausha plastiki mpaka inavunjika vipande kama tambi.

Urefu kutoka ardhini kwa farasi wa kawaida wa kupanda: mstari wa juu mita 1.3, wa kati sentimita 90, wa chini sentimita 50. Kukiwa na mtoto wa farasi wa chini ushushwe kidogo na uongeze mwingine, na dume lisilohasiwa usilipokee kama ndio unaanza. Wengine wanaweka mstari wa chini kabisa sentimita 20 ili kuzuia mbwa. Huo unameza majani kila wiki, unaua kobe, kwa sababu kobe akipigwa hujikunja ndani ya gamba pale pale akaendelea kupigwa, na farasi akipiga kwato anauingiza mguu. Mbwa watafutiwe dawa nyingine.

Vishikio tafadhali vinunue. Vipande vya tairi na mpira mweusi wa maji havifai, kwa sababu ule weusi ni kaboni na kaboni inapitisha umeme. Kwenye nguzo mbichi ya mkaratusi siku ya mvua utasikia tik, tik, tik na usiku utaona cheche. Halafu usifunge kamba kwenye nguzo kwa waya wa kufungia. Farasi akiingia kwenye uzio kwa kasi unataka kishikio cha plastiki kiachie kabla kamba haijamkaba, na waya wa kufungia hauachii. Kuunganisha kamba na kamba tumia viunganishi vya chuma vya kubana. Fundo linashika kamba lakini halishikanishi nyuzi za chuma zilizo ndani, zinapigiana cheche mpaka zinaungua, na kwa nje fundo linaonekana zima kabisa.

Sasa jambo ambalo linanikosesha usingizi kuliko yote haya.

Mwaka jana nilifika shamba moja, siyo la farasi, la nguruwe, nikakuta waya umetoka kwenye soketi ya ukutani, umepita dirishani, umefungwa moja kwa moja kwenye uzio. Hakuna mashine. Mwenyewe akaniambia inafanya kazi vizuri sana, mbwa wa jirani alikufa pale pale. Nilizima swichi kuu kabla hatujaendelea kuongea. Watoto wa shule wanapita pembeni ya uzio ule kila siku saa saba na nusu mchana.

Volti 230 za ukutani zinasikika ndogo ukilinganisha na 7,000 za mashine, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Kinachoua ni umeme unaoendelea kupita. Wa ukutani haupumziki, misuli inakaza, mkono unashika waya na haufunguki. Mashine ya uzio inapiga na kuacha, na katika kuacha huko mtu au mnyama anajitoa. Viwango vya kimataifa vya mashine hizi vinataka angalau sekunde moja kati ya pigo na pigo, na nguvu isizidi juli tano kwa pigo. Mashine za kuundwa na fundi wa mtaani kwa transfoma na rilei hazina anayezihakikisha. Mimi ni mtu wa kuunga mkono ubunifu wa vijana, lakini huu siuungi mkono hata kidogo. Kama huna pesa ya mashine iliyothibitishwa, jenga uzio wa mbao au mianzi minene, farasi wamefungiwa hivyo tangu zamani na wanaishi.

Kwa umeme wa mashine, sola kwa mashamba yetu ni nzuri na hesabu yake si ngumu. Tuseme mashine inakula ampia 0.2 kwa volti 12. Kwa saa 24 ni ampia-saa 4.8. Betri ya ampia-saa 40, na hutakiwi kuimaliza zaidi ya nusu, inakupa siku nne bila jua. Paneli ya wati 20 inarudisha matumizi ya siku kwa jua la kawaida na ziada inabaki. Betri iwe ya sola. Ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi mara moja kuwasha injini, ukiichosha kila usiku haimalizi mwaka. Weka na kifaa cha kupitisha radi kati ya mashine na uzio, na kabla mvua za radi hazijaanza, ukiwa karibu, tenganisha.

Watu huniuliza kama kumpiga farasi umeme si ukatili. Inasimuliwa kwamba Bill Gallagher wa New Zealand, mmoja wa walioanzisha viwanda vya uzio huu miaka ya 1930, alianza kwa kutega umeme kwenye gari lake kwa sababu farasi wake alikuwa analisugua anajikuna. Kwa hiyo farasi alikuwapo tangu mwanzo. Pigo linashtua, halijeruhi, na farasi aliyefundishwa vizuri anaguswa mara moja mbili kisha haguswi tena. Ukatili ni uzio wenye volti za kubahatisha, unaompiga leo, kesho haumpigi, mpaka anaanza kuujaribu na mwisho anapita ndani yake.

Kumfundisha ni kazi ya asubuhi moja. Mwingize mchana kweupe, siyo jioni akiwa ametoka kushushwa kwenye gari. Uzio ukiwa umezimwa, mtembeze kwa kamba ya shingoni azunguke mipaka yote, ukimwacha aangalie kona. Kisha mwachie, toka, washa. Usimsukume aguse na usimshike wakati anagusa, kwa sababu atarukia ulipo wewe. Anza na sehemu ndogo yenye kizuizi kingine nyuma yake, siku mbili tatu, ndipo apelekwe shamba kubwa. Na upande unaopakana na barabara ya lami usitegemee kamba peke yake hata akiwa mpole namna gani. Kamba inazuia akili ya farasi. Mwili wake wa kilo 450 ukija kwa mbio haizuii, kwa hiyo upande huo weka mbao au ukuta wa miti minene, kamba ikae ndani.

Geti liwe upande ambao ukifungua mkono wa geti unakuwa hauna umeme, na mstari upite chini ya ardhi ndani ya bomba kwenda upande wa pili. Vibao vya njano vya kuonya viwekwe kila upande watu wanapopita, kwa Kiswahili na kwa mchoro, kwa sababu mtoto wa darasa la kwanza hasomi "hatari". Mimi ningeenda mbali zaidi, ningewaita majirani siku ya kuwasha, wausikie ule mlio, waelewe ni kitu gani na watoto wao wakiguswa wafanye nini.

Kisha nunua daftari. Kila asubuhi na kila jioni pima kona ya mbali kabisa na mashine, andika namba na tarehe. Mwenye farasi akija mwisho wa mwezi mwonyeshe, utaona anavyoanza kukuamini na anavyokuletea wenzake. Kwenye makubaliano yenu, ambayo yawe ya kuandikwa na si ya kuambiana tu, weka mstari unaosema kona hiyo haitasoma chini ya volti 3,000, na nani anagharamia matibabu farasi akiumia wakati namba ilikuwa sawa. Jioni namba ikisoma chini ya hapo, fyeka majani, angalia vishikio, fuata mlio. Chanzo kikikosekana kabla ya jua kuzama, farasi walale bandani.